Zaburi Ishirini na Ngapi?

Lukresia Mbawala ni mtu wa kumaliza. Hilo mtaa wetu wote wa Lizaboni unalijua, na wengine wamelijua kwa kukoma. Ukimwalika shambani kwako kwa kazi ya pamoja, usidhani ataondoka na wenzake jua likianza kuwaka. Atabaki na jembe lake mpaka tuta la mwisho, nawe mwenye shamba utaona aibu kumwacha peke yake, utarudi, utalima huku unamlaani kimoyomoyo. Akianza kukusimulia habari za ng'ombe wa babu yake kule Madaba, bandika maji ya chai kabisa, maana ng'ombe yule lazima azae ndipo masimulizi yaishe. Na kanisani ndiko hasa. Kwaya zetu za siku hizi, Mungu azirehemu, zina tabia ya kuimba beti mbili za wimbo wenye beti tano, kisha zinaketi kana kwamba zimefanya jambo la maana. Zikiketi, Lukresia hubaki amesimama na kuendelea na ubeti wa tatu peke yake, kwa sauti nyembamba isiyoyumba, huku padre ameshika kitabu anangoja. Mapadre wamekuja na kuhamishwa, yeye bado yupo na beti zake.

Ubeti wa tatu ndio uliompa mume. Wakati huo alikuwa binti mfua nguo katika hospitali ya misheni Peramiho, ametoka kwao Madaba na sanduku la bati na kichwa kigumu. Jumapili moja kwaya iliketi, yeye akaendelea. Watu walianza kucheka chini chini, na hapo upande wa wanaume ikanyanyuka sauti nzito, ikamfuata. Alikuwa Pankrasi Gama, kijana seremala ambaye wamonaki walimfundisha mambo mawili shuleni, kupiga randa na kuimba zaburi. Waliimba wawili mpaka beti zote zikaisha. Nje ya kanisa Pankrasi akamwambia, "Dada, wewe hukati."

"Kwa nini nikate?" Lukresia akamjibu. "Kwani aliyetunga beti nyingine alikuwa mjinga?"

Baada ya mavuno walifunga ndoa, na neno hilo likahamia nao nyumbani. Usikate. Lilitumika hata mahali ambapo Kiswahili kinalikataa. Mtoto akiacha tonge kwenye sahani, aliambiwa usikate. Akitaka kuacha shule kwa sababu mwalimu ni mkali, usikate. Mume na mke wakigombana, na mmoja akitaka kutoka nje kwa hasira kabla mwenzake hajamaliza kusema, usikate. Walikuja kuishi Lizaboni, Pankrasi akafungua karakana ya milango na madirisha, wakazaa, wakazika wawili, wakalea waliobaki. Kila jioni baada ya chakula Pankrasi aliwasomea zaburi moja kutoka katika kitabu cha sala cha zamani, kisicho na jalada, alichotoka nacho shuleni. Ndivyo Lukresia alivyozijua zaburi, kwa masikio. Ungemwambia ya wafungwa waliokataa kuimba kando ya mito, angeijua. Ungemtajia namba, angekuangalia tu.

Mkubwa wa watoto waliobaki ni Aidan, anayeuza mabati na misumari kule Makambako. Aidan aliokoka. Sisemi kwa ubaya, wako waliookoka wakawa watu wazuri kuliko sisi, ila yeye aliokoka kwa kishindo. Alirudi nyumbani siku moja akamwambia baba yake kwamba kuwaombea wafu ni kupoteza muda, na ile sanamu ya Bikira Maria juu ya kabati ni kinyago. Pankrasi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umemaliza? Sasa kaa ule." Aidan hakula. Ilipita miaka wakipeana salamu za simu tu. Baadaye moyo ulimrudi. Alikuja na Biblia mpya yenye maandishi makubwa, kwa ajili ya macho ya mzee, akampa kwa mikono miwili bila maneno mengi. Pankrasi akaipokea. Kile kitabu cha zamani mchwa walikuwa wamekwisha kukimaliza, kwa hiyo tangu siku hiyo zaburi za jioni zilisomwa kutoka katika Biblia ya Aidan.

Vumbi la mbao halikumwacha Pankrasi salama. Mapafu yalichoka, pumzi ikawa ya kuomba. Siku za mwisho alizungumza neno moja moja, na kila neno lilimgharimu. Lukresia, ambaye hajui kuzunguka jambo, alimuuliza waziwazi angependa kaburi lake liandikwe nini.

"Zaburi," Pankrasi alisema. Akapumzika. "Ishirini na mbili."

Lukresia alidhani amemaliza, akaanza kumfunika miguu. Mzee akamshika mkono.

"Yote," akasema. "Msikate."

Siku chache baadaye alifia hospitalini. Aidan ndiye aliyeachiwa zamu ya kumwangalia. Lukresia alikuwa amerudi nyumbani kumpikia uji, na alipofika na chupa yake ya chai iliyojaa uji alimkuta mwanawe amesimama nje ya wodi, amegeukia ukuta. Aliweka chupa chini. Alijua.

Walimzika chini ya msalaba wa mbao alioutengeneza mwenyewe zamani kwa ajili ya mteja ambaye hakurudi kuuchukua. Mwaka ukazunguka. Sasa ilibidi kaburi lijengewe, liwekwe kibao, na padre aje kulibariki Jumamosi ya Misa ya kumbukumbu. Lukresia akaenda kwa Kassimu.

Kassimu ni fundi wa makaburi, Myao kutoka Tunduru, na kiwanda chake kiko kando ya barabara pale pale Lizaboni, misalaba ya zege imepangwa mbele ya msikiti mdogo. Mwenyewe hutania kwamba Waislamu wenzake hawamtajirishi, kwa sababu kaburi la Kiislamu halitaki mbwembwe, na kama si Wakatoliki na mapenzi yao ya marumaru angekuwa amerudi zamani kwao kupalilia mikorosho. Anachonga herufi kwa tindo na nyundo ndogo, moja moja, na hapendi kuharakishwa.

"Shikamoo, Mama Aidan."

"Marahaba, baba. Andika jina, andika miaka, halafu chini yake andika Zaburi ya ishirini na mbili."

"Kwa herufi au kwa namba?"

"Kwa namba. Marumaru si shamba."

Mpaka hapo hapakuwa na tatizo lolote duniani. Tatizo lilishuka kwenye basi kutoka Makambako mapema wiki ile. Aidan alipita kiwandani kuona kazi inaendaje, akakuta kibao kimekwisha andikwa PANKRASI GAMA na miaka yake, na chini Kassimu anachonga ZABURI. Aidan akauliza zaburi ya ngapi. Alipojibiwa, alitoa simu yake, ambayo ndani yake ana Biblia nzima, akatafuta. Kisha akamshika Kassimu mkono wa nyundo.

Alimkuta mama yake uani anachambua maharage.

"Mama, unajua zaburi hiyo inaanzaje?"

"Sijui. Nisomee."

Aidan akasoma mstari mmoja tu. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha." Akaifunga simu. "Hilo ndilo unataka watu wasome kwenye kaburi la baba? Watafungua Biblia zao pale pale makaburini. Watasema Mzee Gama alikufa amekata tamaa, Mungu amemwacha. Na wengine watasema si Mungu, watasema watoto wake ndio waliomwacha."

Lukresia aliweka chini ungo. Maneno yale aliyajua vizuri sana. Aliyasikia kila Ijumaa Kuu, Yesu akiwa msalabani, na kila mwaka yalimchoma. Hakujua kwamba yametoka katika zaburi. Na kwamba mume wake, aliyesali maisha yake yote, alitaka yawekwe juu ya kichwa chake, hilo lilimkata maini.

"Nilidhani ni sala," alisema.

"Hayo ni mambo ya Agano la Kale, mama. Watu walikuwa wanalia tu, hawajajua wokovu. Sisi tuko kwenye Agano Jipya."

Hapo Lukresia akaamka kidogo. "Na Yesu pale msalabani alikuwa anasema maneno ya Agano lipi?"

Aidan akaitazama simu.

"Jipya lilikuwa halijaandikwa," mama yake akasema, akachukua kanga yake, akaenda parokiani.

Padre ni kijana, lakini husikiliza. Baada ya salamu ya Tumsifu Yesu Kristo na milele amina, Lukresia alimweleza yote kwa mapana na marefu kama kawaida yake, kuanzia karakana. Padre aliposikia ile namba alitabasamu.

"Mama, pengine hakuna kosa lolote. Zaburi ni zile zile mia na hamsini, ila hesabu zake ni mbili. Wenyewe Wayahudi walizihesabu kwa Kiebrania. Zilipotafsiriwa kwa Kigiriki, ya tisa na ya kumi zikaunganishwa, zikawa moja. Kuanzia hapo hesabu ya Kigiriki ikabaki nyuma kwa moja karibu mpaka mwisho wa kitabu. Kanisa letu lilirithi hesabu hiyo kupitia Kilatini, na ndiyo iliyokuwa katika vitabu vya sala vya wazee. Biblia nyingi za leo zimerudi kwenye hesabu ya Kiebrania."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo katika kitabu alichokulia mzee, Zaburi ya ishirini na mbili ni ile ya Bwana ndiye mchungaji wangu. Katika simu ya Aidan hiyo ni ya ishirini na tatu. Andikeni ishirini na tatu, watu wasichanganyikiwe."

Ungetegemea Lukresia afurahi. Alishukuru, akanyanyuka, akakaa tena.

"Padre, umesema wenyewe Wayahudi. Kumbe zaburi ni za Wayahudi?"

"Zilikuwa sala zao kabla hazijawa zetu, na mpaka leo wanazisali. Yesu alikuwa Myahudi, mama. Hizi ndizo sala alizokua nazo."

Lukresia alijua Yesu alizaliwa Bethlehemu, nani asiyejua. Lakini hakuwahi kukaa akawaza kwamba iko jioni Mariamu alimkalisha mtoto wake karibu naye, akamfundisha zaburi, mtoto akakosea, akamrudisha mwanzo, kama yeye alivyomfundisha Aidan Baba Yetu huku akisonga ugali. Njia nzima ya kurudi Lizaboni alilifikiria hilo, akasahau kabisa kununua mafuta ya taa.

Habari ya ishirini na tatu ilipokelewa nyumbani kwa shangwe. Aidan alimsifu Bwana kwa sauti. Dorine, binti mdogo wa Lukresia anayesuka nywele mjini, alisema ya Mchungaji ndiyo nzuri, hata kwenye kadi za msiba huandikwa hiyo. Aidan alikwishachukua kofia yake aende kwa Kassimu.

"Kaa," Lukresia akasema.

"Mama, padre mwenyewe amesema."

"Padre amesema pengine. Baba yako alisoma kitabu cha zamani, na baada ya hapo akasoma Biblia uliyompa wewe. Alikuwa anahesabu kwa kipi siku ile? Sijui. Wewe unajua?"

"Lakini ya Mchungaji..."

"Nimekuuliza, unajua?"

Aidan aliangalia pembeni. Lukresia aliona, akaliweka moyoni. Mtu anayebisha kwa sababu ya dini hukukodolea macho, na huyu mwanawe tangu aokoke hakuwahi kukwepa jicho la mtu.

"Sitaandika maneno ambayo hakuyasema ili majirani wafurahi," alisema. "Nikijua alimaanisha ipi, ndipo nitaandika. Nisipojua mpaka Jumamosi, kibao kitabaki nusu."

Na kweli kilibaki nusu. Aliposikia mzozo, Kassimu hakutaka kukaa bure, na kwa kuwa ishirini na mbili na ishirini na tatu zote huanza na mbili, aliichonga ile ya kwanza, akaacha nafasi. ZABURI 2. Kila aliyepita barabarani alisoma. Wengine waliingia kuuliza kama mzee alipenda hasa Zaburi ya pili. Lukresia alijua wanamwona amechanganyikiwa na ujane. Kwenye sala za jumuiya mama mmoja alimnong'oneza kwamba marehemu hasomi kibao chake. "Lakini mimi nakisoma," Lukresia akamwambia, "na nitakisoma mpaka nami niwekwe pale."

Alijaribu kila njia. Alikumbuka kwamba walipomzika mtoto wao wa kwanza Pankrasi aliisoma ile ya kulia kutoka kilindini, akaitaja kwa namba. Lakini namba hiyo, ambayo ingemwonyesha mzee alizoea kuhesabu kwa kipi, hakuikumbuka. Alimwendea rafiki wa Pankrasi aliyesoma naye shule, mzee asiyesikia vizuri, akarudi na historia nzima ya mpira wa miguu wa enzi zao. Usiku hakulala, na mchana aliunguza ugali, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona.

Alhamisi alikwenda kiwandani kumwomba Kassimu azidi kumvumilia. Wakati Kassimu anasafisha vumbi kwenye kibao, simu yake ililia. Alisikiliza, akaweka tindo chini polepole, akasema inna lillahi. Kisha akamwita mkewe aliyekuwa ndani.

"Sharifa! Shangazi Zabibu ametutoka, kule Tunduru. Njoo tumsomee Alhamdu."

Sharifa alitoka anajifunga ushungi. Wote wawili wakainua mikono, midomo ikawa inacheza bila sauti. Lukresia alisimama kando, naye akafanya ishara ya msalaba kwa heshima ya marehemu. Waliendelea kusoma. Hatimaye wakajipangusa nyuso kwa viganja, na Lukresia akawapa pole, nao wakampa pole kama mtu aliyefiwa pia, maana ndivyo inavyokuwa. Sharifa alirudi ndani kufunga nguo za safari. Lukresia alipaswa kuaga. Lakini nimekwisha kusema ni mtu wa namna gani.

"Samahani, baba, wakati si wake. Umesema mnasoma Alhamdu. Mbona ilikuwa ndefu kuliko neno?"

Kassimu alimtazama kwa macho mekundu, akashindwa kujizuia, akacheka kidogo.

"Alhamdu ni jina tu, Mama Aidan. Ndivyo inavyoanza, basi tunaiita hivyo. Ukisema Alhamdu, mtu anajua ni sura yote. Kwani nyinyi mkisema tusali Baba Yetu, mnaishia hapo kwenye Baba Yetu?"

Lukresia aliweka mikono miwili juu ya kibao cha mume wake.

Baba Yetu. Salamu Maria. Nasadiki. Maisha yake yote aliita sala kwa maneno yake ya mwanzo na hakuna aliyewahi kuishia hapo. Na kila Ijumaa Kuu alimlilia Yesu kama mtu aliyekata tamaa, kumbe mtoto wa Kiyahudi aliyefundishwa zaburi na mama yake alikuwa anaanza sala. Aliianza kwa neno lake la mwanzo kama inavyoanzwa, pumzi ikiwa ya kuomba. Pale chini palikuwa na mama yake, na mama yake aliijua yote. Na ile ya Mchungaji, mistari sita, mtoto anaimaliza kabla hajapiga chafya, nani duniani amewahi kuikata? Hakuna haja ya kumwonya mtu asiikate. Pankrasi alisema yote. Alisema msikate. Alimwambia yeye, Lukresia, mtu wa beti tano, na yeye ndiye aliyekuwa karibu kukata.

"Usichonge kitu," alimwambia Kassimu. "Nakuja sasa hivi."

"Mama Aidan, mimi jioni nasafiri."

"Sasa hivi!"

Aidan alikuwa barazani anapiga misumari kwenye benchi la wageni. Lukresia alimtoa nyundo mkononi, akaketi mbele yake.

"Fungua simu yako. Ile zaburi ya ishirini na mbili. Isome."

"Mama, tulishamaliza."

"Hatujamaliza. Ulisoma mstari mmoja ukafunga. Soma yote."

Aidan alifungua. Akasoma Mungu wangu, Mungu wangu, akaacha. Akaanza tena, akaacha palepale. Mtu mzima, mfanyabiashara, mwenye watoto wake, aliweka simu juu ya benchi akajifunika uso akalia.

"Nilimsikia," alisema. "Siku ile hospitalini ulipokwenda kupika uji. Alikuwa amefumba macho. Akasema maneno hayo. Mama, baba alikufa akisema hivyo, na mimi nimekaa pale, mimi niliyemtenga miaka yote ile. Sikujua anamwambia Mungu au ananiambia mimi. Mwaka mzima nimeyabeba. Nikaona afadhali pawe na ishirini na tatu, nisiyasome tena maisha yangu."

Lukresia alimwacha alie. Yeye mwenyewe machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuyafuta, alikuwa na kazi ya kumaliza.

"Alisema maneno hayo, halafu akasema nini?"

"Sijui. Nilishindwa kuvumilia, nikatoka nje."

"Hukusikia yaliyofuata."

"Sikusikia, mama. Niliporudi alikuwa ameshakwenda."

"Basi baba yako hukumsikia," Lukresia akasema. "Alikuwa anasali. Ulilosikia wewe ni jina la sala."

Aidan aliinua uso. Mama yake akamweleza, kwa kirefu chake, habari ya Alhamdu na ya Baba Yetu, na ya Mariamu na mtoto wake. Alipomaliza aliokota simu akamrudishia. Aidan akaisoma ile zaburi kimya kimya, akishusha kidole polepole, na alipofika karibu na mwisho kidole kikasimama. Akasoma pale tena. Alinyanyuka, akavaa kofia, akamwambia mama yake, "Twende kwa Kassimu kabla hajasafiri."

Kassimu alichonga mbili ya pili huku begi lake la Tunduru liko mlangoni. Alipopuliza vumbi, Lukresia alionyesha sehemu tupu iliyobaki pembeni.

"Hapo ongeza neno. Yote."

"Zaburi ishirini na mbili, yote?" Kassimu aliuliza. "Sijawahi kuchonga hivyo."

"Sasa utachonga."

Akachonga.

Jumamosi mvua ilikatika asubuhi, na makaburini udongo ulinata viatuni. Walikuja watu wa jumuiya, mafundi wa karakana, wateja wa zamani wa milango. Dorine alishika mwavuli wa padre. Padre alisoma kile kibao, akamtazama Lukresia, akainamisha kichwa kidogo. Alinyunyiza maji ya baraka, kisha akasema mtoto wa marehemu atasoma. Kukawa na minong'ono, kwa sababu wote walijua Aidan hakanyagi Misa wala haombei wafu. Aidan alisogea mbele. Hakutumia simu. Alikuwa ameshika ile Biblia yenye maandishi makubwa aliyompa baba yake.

"Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha," alisoma.

Watu waliinua vichwa. Aidan akasimama hapo. Kwaya, kwa mazoea yake, ikadhani amemaliza, ikaketi kwenye mabenchi. Wengine nao wakaketi. Katikati ya watu wote alibaki mmoja amesimama, mama mfupi mwenye kanga nyeusi.

"Usikate," akasema.

Aidan akavuta pumzi, akaendelea. Alisoma habari za mtu anayechekwa na kila anayepita, mifupa yake yote inahesabika, nguo zake zinagawanywa kwa kura. Alisoma mpaka akafika pale kidole chake kiliposimama barazani, pasemapo kwamba Mungu hakumficha uso wake mtu aliyeteswa, na alipomlilia alimsikia. Hapo aligeuka akaliangalia kaburi, akamsomea baba yake mstari huo mara ya pili. Kisha akaendelea na sifa, na maskini watakaokula wakashiba, na watoto ambao hawajazaliwa watakaosimuliwa, mpaka mstari wa mwisho, akafunga Biblia.

Lukresia akasema amina, akaketi.